Malalamiko Kuhusu Chura Dume wa Puerto Rico

Mtua, Nachingwea

Ndugu Mhariri wa Vipindi,

Salamu nyingi kwako na kwa mafundi mitambo wote hapo redioni. Mimi Hemedy Awadhi, mkulima wa korosho na msikilizaji wenu wa siku nyingi, ninalalamika rasmi juu ya kipindi chenu cha yule chura aitwaye koki, wa kisiwa cha Puerto Rico.

1. Mlitangaza kwamba jike akishataga huenda zake, na dume ndiye hubaki akilinda mayai mpaka yaanguliwe. Jamani! Mke wangu Fauzia alikuwa anapepeta mchele. Akaongeza sauti ya redio. Wiki hiyohiyo akafungua genge la mboga Nachingwea mjini, akaniachia binti yetu Mwantumu, aliyeacha kunyonya juzi tu.

2. Mtoto huyu halali mpaka abebwe mgongoni. Nimekwenda kwenye mnada wa korosho Nanganga nimejifunga mbeleko, mimi mwanamume mzima, na kanga yenyewe ina maua mekundu. Mwenyekiti alisimamisha mnada kwanza, apate kucheka vizuri.

3. Jirani yangu Ndalahwa, mfugaji aliyehamia huku kutoka Usukumani, naye alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Mkewe Suzana akataka kujua kinachomchekesha. Sasa Ndalahwa anachunga ng'ombe na mtoto mgongoni, na salamu yangu haitikii. Ujirani huo ataurudisha nani, wewe?

4. Chura hapiki uji. Hafui nepi. Mayai hayamvuti ndevu! Mmetulinganishaje?

Kwa heshima zote naomba mtangaze kipindi cha simba dume, jinsi anavyoshinda amelala, na kirudiwe wakati wanawake wako nyumbani.

Wasalimie watangazaji wote, pamoja na yule mama wa matangazo ya vifo, ana sauti nzuri sana.

Ndimi mliyenidhulumu,
Hemedy Awadhi

Tanbihi: Huyo simba mwacheni kwanza. Fauzia amenionea huruma, anataka Mwantumu akaishi kwa bibi yake Ruangwa, na bodaboda iko nje inapiga honi. Nimefunga mlango kwa komeo, mtoto amelala kifuani kwangu. Tafadhali muulize mtaalamu wenu haraka: yule chura, wakija kumchukulia mayai yake, hufanyaje? Maana mimi hapa sitoi mtu.