Mlezi Aliyefanya Mtihani

Ndugu zangu wa kwaya mlioko Mbeya,

Leo nimeaibika mchana kweupe. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnajua tangu mke wangu afariki sisemi sana. Mchungaji wetu hapa Kalenga alitangaza kila nyumba imlee mwanafunzi mmoja: kumsikiliza akisoma, kumwuliza habari za shule. Nikapewa Tumaini, binti wa darasa la sita. Kila jioni huja, husoma kwa sauti, kisha hunionyesha hesabu zake. Mimi huzitazama kwa muda mrefu, naguna, namrudishia daftari. (Kusoma najua. Hesabu za kugawanya tuliachana darasa la tatu.) Sauti ya mtoto huyu ndiyo pekee iliyobaki nyumbani kwangu.

Juzi akaja na barua ya mwalimu: walezi wote wafike shuleni leo. Asiyefika, mtoto wake atapewa mlezi mwingine. Usingizi ukanipotea. Asubuhi nikapiga pasi koti nililovaa mazishini (sina jingine), nikawahi.

Chumba cha kwanza nilikuta watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nikawasalimu "kamwene", wakaitikia, nikajibana nami. Mwalimu kijana akaandika jina langu, akanipa karatasi na penseli. Nikamnong'oneza bibi mmoja jirani yangu:

"Mama, nasi tunapimwa?"

"Ulidhani umekuja kunywa chai?" Akaifunika karatasi yake kwa kiwiko.

Nikaelewa. Kanisa linawapima walezi. Jasho likaanza.

Maswali ya kusoma na kuandika nikayapita. Kisha likaja hili: madebe arobaini na nane ya mahindi yagawanywe sawa kwa kaya sita, kila kaya itapata mangapi? Nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kuibia siwezi, hata kama bibi angeondoa kiwiko. Nikaandika nilichokijua: "Sawasawa haifai. Inategemea kila kaya ina walaji wangapi."

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaichukua karatasi, akalisoma jibu kwa sauti. Wakati huohuo mlango ukafunguka. Alikuwa Tumaini, na nyuma yake mchungaji na walezi wenzangu wote.

"Baba, tunakutafuta. Sisi tuko chumba cha pili. Hili ni darasa la elimu ya watu wazima."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Bibi alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Tumaini peke yake hakucheka. Aliitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Baba, zile hesabu zangu ulikuwa unazikaguaje?"

Ningeweza kudanganya. "Kwa macho tu, mwanangu."

Mchungaji akajifuta machozi. "Tumaini, tukupe mlezi anayejua hesabu?"

 Mtoto alifikiri muda mrefu kuliko mimi na yale mahindi.

"Hapana, mchungaji," akasema. "Huyo atazisahihisha kweli."

Basi nimebaki naye. Ila mwalimu kijana amekataa kulifuta jina langu. Jumatatu naanza darasa, dawati moja na yule bibi. Mkipita Kalenga mkanikuta njiani na daftari kwapani, nisalimieni tu mpite. Maswali mtamwuliza Tumaini.