Kashata Zangu na Meno ya Mshenga

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya wakwe!

Watu wa Msata walikuwa wanakuja kuniposa, hapa kwetu Kerege. Na kwetu, mwali anayeposwa huwapikia wageni kashata za nazi kwa mkono wake. Bibi alipika zake, mama akapika zake. Leo zamu yangu. Asubuhi Bibi akaniweka jikoni.

"Shira ya sukari haiachwi peke yake," akaniambia. "Idondoshe kwenye maji baridi. Ikishikana tu, epua upesi."

"Nimeelewa, Bibi." (Sikuelewa kitu. Nilikuwa najirekodi video.)

Nikatoka kidogo kutafuta penye mwanga mzuri. Kurudi, shira imekuwa nyeusi kama kahawa! Nikatia nazi na hiliki hivyo hivyo, nikatandaza kwenye sinia. Zilipopoa, kisu kikagoma. Bibi akaja na mchi wa kinu. Akatwanga. Kipande kikaruka hadi uani, kuku akakimbia akipiga kelele.

"Mjukuu wangu, hizi kashata au kokoto?"

Kabla sijajibu, hodi! Wageni. Nikazipanga kwenye sahani, juu nikatupia asumini (urembo huficha mengi).

Mshenga wao, mzee wa heshima, kanzu imenyooka, akachagua kubwa kuliko zote. Akauma. Akavuta. Ko! Kashata ikatoka, na meno yake ya bandia yameng'ang'ania humo humo. Yananichekea!

Mzee hakuyumba. Akaendelea na kilichomleta:

"Fumekuja kuhofa..."

"Kuoga?" akadakia baba mdogo, ambaye masikio yake hayamsaidii sana. "Karibu mzee, bafu lipo uani!"

"Kuhofa! Kuhofa!"

"Mleteeni taulo!"

Na shangazi akaleta! Taulo na ndoo!

Bibi ndiye aliyeokoa jahazi. Akaitumbukiza kashata kwenye bakuli la maji ya moto, katikati ya mkeka. Koo mbili zikakaa zikisubiri meno ya mtu yanasuke. Mimi nimechuchumaa, nayageuza kwa kijiko.

Hatimaye yakaachia. Mzee akayasuuza, akayavaa, akakohoa.

"Posa yetu ipo palepale," akasema. "Ila siku ya harusi, kashata apike Bibi."

Wote wakasema "Amina". Hata mama yangu!

Kwa hiyo ndugu zangu, mkinikuta njiani nisalimieni tu. Msinionyeshe meno.