Koki Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Kwako daftari. Hujambo? Sisi huku hatujambo. Baba watoto hajambo, ila mgongo. Mama mkwe hajambo, anakoroma na anakusalimu. Pacha wa kwanza hajambo. Pacha wa pili jino linacheza. Wifi yangu, aliyekuja kwa siku mbili mwaka juzi, bado yupo na hajambo sana. Kuku pia mzima.

Najua daftari halisalimiwi. Lakini shule niliishia darasa la nne, na nilichofundishwa kuandika ni barua tu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyenipa wewe. Kasema, mama, badala ya kunigongea mlango mara sita kwa siku, andika humu, moyo utapoa. Mimi ni mfagiaji hapa bweni la wasichana wa chuo. Yeye ni mwanafunzi, na kiongozi wa ghorofa ya tatu. Sasa nifagie wapi kama si mlangoni kwake?

Leo Matroni kabandika tangazo. Jumamosi kuna tuzo ya kiongozi aliyewafanya wenzake waishi kama ndugu. Kila msichana aandike kikaratasi, amtaje anayemtaka na sababu, atumbukize kwenye sanduku. Mshindi anabaki na chumba mwaka ujao. Wengine ni bahati nasibu, na vyumba havitoshi.

Akikosa, anarudi nyumbani. Nyumbani anasomea bafuni, amekalia ndoo, mpaka mtu agonge. Mwaka wa kwanza alisoma hivyo. Sitaki kuona tena.

Lazima ashinde! Lakini mtoto mwenyewe mpole mno. Akikusaidia, anakimbia kabla hujashukuru.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata akili! Watu huungana wakiwa na shida. Ghorofa ya tatu haina shida. Basi nitawapa. Funguo za koki za maji za kila ghorofa ninazo mimi. Saa mbili na nusu asubuhi nimewafungia maji. Binti atoke, apange ndoo, awatulize, wamkumbuke.

Nimesubiri kwenye ngazi na fagio. Hatoki. Nimefagia ngazi ileile mpaka inang'aa. Nikamuuliza jirani yake. Kasema ana mtihani tangu saa mbili. Mtihani! Mama mzima sijui!

Nani katokea? Kicheko. Huyo ni kiongozi wa ghorofa ya pili, msichana anayetabasamu hata akisoma tangazo la msiba. Kafungua bafu zote za ghorofa yake. Kapanga zamu, wenye vipindi watangulie. Wenye sabuni wakawagawia wasio nayo. Wakaimba! Wasichana ambao mwaka mzima hawajasalimiana, leo wanasuguana migongo.

Nimekimbia kufungua koki, maji yakanirukia. Nateremka, viatu vinalia chwaa, chwaa, nakutana na Kicheko. Kaniuliza, Mama Usafi, kulikoni, mbona umelowa? Nikamjibu ni jasho.

Shida nimeitunga mimi. Sifa kazibeba yeye. Ee Mungu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeleta chupa mbili za chai na mikate, nikawaita ghorofa nzima chumbani kwa binti. Nikawaambia kiongozi wenu anawakaribisha. Mwenyewe yuko maktaba, hajui. Wamekuja ishirini na wawili. Wawili hata si wa bweni hili.

Binti karudi, kakuta mtu kakalia madaftari yake. Kanivuta pembeni, kaniambia taratibu, mama, tafadhali. Upole huo ndio unaoniua. Heri angenifokea.

Wakati wa kuondoka wamenishukuru mimi. Mmoja kasema, Mama Usafi, ungekuwa mwanafunzi ningekuandika wewe.

Ijumaa, 8 Machi

Jana kila niliyemdodosa alimtaja Kicheko. Nilikaa juu ya ndoo yangu nikalia kidogo. Halafu nikakumbuka nina kalamu.

Vikaratasi kumi na vinane! Vingine kwa mkono wa kushoto. Vingine kaandika pacha wa pili. Sijadanganya hata kimoja, nimesifia ukweli mtupu. Asubuhi hii nimevitumbukiza nikijifanya napangusa sanduku. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwisha.

Ukumbi umejaa. Nimesimama nyuma na fagio. Matroni kavaa miwani, kasema atasoma vikaratasi vya wawili walioongoza. Vya Kicheko kwanza. Alinifungulia bafu. Alikaa nami siku tatu nilipofiwa na bibi. Makofi.

Kisha vya binti yangu. Anastahili kwa sababu aliota meno bila kuharisha. Watu wanatazamana. Hajakojoa kitandani tangu ana miaka miwili. Mtu kaguna. Ana kovu chini ya goti la kushoto lakini halimharibii uzuri. Siku aliyozaliwa baba yake alilia, msimwambie.

Ukumbi mzima hoi kwa kucheka! Matroni kavua miwani, kanitazama. Wote wakageuka, wakanitazama. Nikaanza kufagia. Sakafu ilikuwa safi.

Binti katoka mbio. Tuzo kachukua Kicheko.

Nimepanda chumbani kwake kumwomba radhi. Kicheko yuko humo, kamshika mkono. Binti macho mekundu. Kaniambia, mama, kikaratasi changu mimi nilimwandika yeye. Chumba kina vitanda viwili, na mshindi anachagua wa kukaa naye. Walishaahidiana tangu Jumatatu: yeyote kati yao akishinda, amchukue mwenzake.

Tangu Jumatatu! Na mimi nimefunga maji, nimechemsha chai, nimeandika kwa kushoto mpaka kidole kimevimba!

Kicheko kanisindikiza ngazini. Kaninong'oneza, Mama, siku ile haikuwa jasho. Alijua! Angemwambia Matroni, leo sina kazi. Hakumwambia mtu, hata binti yangu. Kaniomba tu nisiguse tena koki. Nikamwapia huku nalia. Naye akacheka, kama kawaida yake.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Nimetafakari. Nimejifunza mengi wiki hii.

Kwanza, sasa nina mabinti wawili katika chumba kimoja, na huyu wa pili mama yake yuko mbali. Nani atamhangaikia? Mwezi ujao kuna uchaguzi wa viongozi wa chuo kizima. Hawajachukua hata fomu! Watoto hawa wana moyo, lakini hawana shida ya kutatua.

Kiapo kilikuwa cha koki. Umeme sikuutaja. Swichi kuu ya bweni iko humohumo kwenye stoo ya mafagio yangu.

Baba watoto, mama mkwe, pacha wote, wifi na kuku wanakusalimu tena. Sasa nishauri, daftari: nizime kesho, au nisubiri Jumanne? Nijibu upesi. Nakaa hapa nasubiri.