Msalaba wa Mto Maritsa

Jumanne, 2 Januari
Dada Penka, salaam nyingi. Hujambo huko Varna? Goti limepoa? Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Nakuandikia humu kila siku, kisha nitakutumia kurasa zote. Mke wangu Rayna simwambii. Atacheka.

Jumamosi, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Padri Evtimi atatupa msalaba mtoni. Atakayeudaka ndiye tutakayemchagua Jumapili kuwa mzee wa kanisa. Spas muuza nyama ameudaka miaka mitatu mfululizo. Mtu ambaye hata Baba Yetu anaikosea!

Lakini msalaba ni wa mti. Unaelea. Wao waruke, wapigane vikumbo. Mimi nitausubiri chini kidogo, mkondo unakoelekea, kwenye daraja la kwanza baada ya kanisa. Akili hiyo!

Jumatano, 3 Januari
Nimeazima mtumbwi, nimeteremka kukagua. Penka, miaka hamsini na mitatu naishi Plovdiv, leo ndiyo mara ya kwanza mji kunionyesha kisogo. Mapaa yenye viraka. Suruali za majirani kwenye kamba. Kuba la kanisa likichungulia kama mbea. Mzuri ajabu! Nikalia kidogo. Kisha nikalikariri daraja: nguzo tatu, mti ulioinama.

Ijumaa, 5 Januari
Nimenunua kilo mbili za mafuta ya nguruwe, nijipake dhidi ya baridi. Duka ni la Spas, jingine hakuna. Akaniuliza mbele ya watu, "Mzee Metodi, leo mfungo, mafuta yote hayo ya nini?" Nikasema ya bawaba za mlango. Uongo siku ya mfungo! Mungu anisamehe.

Jumamosi, 6 Januari
Nimo majini hadi kifuani, nang'aa mafuta. Kengele zikalia. Mbali. Mbali mno! Mama mmoja akainama darajani: "Wee baba, samaki gani wewe?" Nikamuuliza msalaba u wapi. Akasema uko daraja la juu, hili ni la sokoni. Siku ile nilipokuwa nafuta machozi, daraja moja lilinipita!

Spas kadaka msalaba. Mimi nimedaka mafua.

Jumapili, 7 Januari
Spas kachaguliwa. Mikono yote juu, hata wa Rayna.

Nimetafakari kwa sala. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni la madaraja, kwa chini yote mapacha. Basi baada ya ibada nimerudi na mtumbwi, nimelipaka letu alama kubwa nyekundu, ya mwakani. Kazi safi! Nikapanda juu kujipongeza.

Sokoni tena.

Dada, shemeji hana rangi iliyobaki? Tafadhali nijibu upesi.

Kaka yako, Metodi