Sikumuuza Bihogo

Alhamisi, 3 Julai 2025

Daftari jipya. Nalificha chini ya kiti cha guta, pikipiki yangu ya mizigo yenye magurudumu matatu, mahali ambapo mke wangu Auleria hapagusi kwa sababu pana grisi. Asilione. Mungu wangu, asilione!

Habari yenyewe ni Alfonce. Amefunga tela nyuma ya guta yake. Leo kashusha mikungu arobaini ya ndizi sokoni Nyakisasa kwa safari moja. Mimi na guta yangu isiyo na tela nimeleta kumi na minane, tena miwili ikaanguka njiani. Mama mmoja ninayembebea mizigo tangu mwaka juzi kaniambia wiki ijayo nisijisumbue. Hakuwa na hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Nimempigia Elick, fundi wa kuchomelea kule Biharamulo. Atanitengenezea tela kwa vipimo vyangu mwenyewe. Nikamwambia fedha sina. Akauliza kama nina ng'ombe.

Ninaye Bihogo. Yaani, tunaye. Yaani, Auleria anaye: alipewa na baba yake, mzee Pancras wa Bugarama, binti yetu Nice alipozaliwa. Sharti la mzee lilikuwa moja, kwamba ndama jike wa kwanza anarudi kwake. Na Bihogo sasa ana mimba kubwa. Mzee mwenyewe nikimwamkia tu navua kofia mara mbili. Alishasema mbele ya ukoo kwamba siku ng'ombe huyo akiuzwa, binti yake anarudi Bugarama siku hiyohiyo.

Lakini nani kasema kuuza? Nitabadilishana. Kubadilishana si kuuza. Nimelifikiria jambo hili kutwa nzima na sijaliona kosa lake.

Jumapili, 6 Julai

Elick anataka vipimo. Vipimo sina. Alfonce anavyo, vimeegeshwa uani kwake.

Alfonce anaimba kwaya, hawezi kutoka misani. Basi sadaka ilipoanza nikashika tumbo, nikatoka nimeinama, nikakimbia hadi kwake. Nilipima tela kwa kamba ya mgomba. Fundo la urefu, fundo la upana. Mbuzi wake wakanizunguka. Mmoja akala ncha ya kamba! Kala kiasi gani, sijui. Nikakadiria. Kisha, kwa kuwa siwezi kuwa sawa na Alfonce, nikaongeza shubiri mbili kila upande.

Nilirudi watu wanatoka komunyo. Auleria akauliza tumbo. Nikasema linaendesha. Nyumbani akanichemshia majani ya mpera, akanisimamia nikamaliza kikombe kizima, na tumbo langu halikuwa na neno.

Jumanne, 8 Julai

Sijaenda choo tangu Jumapili. Majani ya mpera si mchezo.

Asubuhi nilimpakia Bihogo kwenye guta. Nilimwambia Auleria kuna daktari wa mifugo Kibimba, ng'ombe wenye mimba wanalazwa kwake mpaka wazae, bure. Nilitegemea maswali. Hakuuliza. Alikata mzigo mzima wa majani ya viazi, akamnong'oneza Bihogo maneno ya Kihangaza sikioni, akaniambia niende polepole nisimtikise. Niliona aibu. Ikapita.

Nikaelekea Biharamulo. Njia nzima Bihogo ananitazama kwenye kioo. Nikakigeuza kioo. Akaanza kunipumulia shingoni. Tulipoingia lile pori ambalo zamani mabasi hayakupita bila askari, niliomba majambazi watokee watunyang'anye, angalau nipate la kusema nyumbani. Hawakutokea. Siku hizi nchi imetulia mno.

Elick alimpapasa Bihogo tumbo, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Alhamisi, 17 Julai

Tela imekwisha! Ya bluu. Ubavuni ina FABIANI kwa herufi kubwa. Ni pana kuliko guta yenyewe, utadhani mtoto kavaa koti la babu yake.

Elick alinifundisha rivasi. Ukitaka tela iende kulia, unageuza usukani kushoto. Nikajaribu. Tela ikaenda kwa mama wa chapati wa jirani, ikaangusha jiko. Nikajaribu tena. Jiko lilelile. Elick akasema nitazoea. Mama wa chapati akasema nisizoelee pale kwake.

Nimeapa sitarudi nyuma maisha yangu yote. Atakayeniita aniite mahali penye njia ya kutokea.

Halafu milima. Hakuna aliyeniambia kwamba tela haina breki! Kupanda, guta inaivuta tela. Kushuka, tela inaisukuma guta. Kwenye mteremko wa pili nilifumba macho, nikafumbua, ikawa vilevile. Nikatubu dhambi zote kwa sauti, na ya Bihogo nikaitaja kwa jina. Barabara iliponyooka nikaona ile ya Bihogo niliitubu kwa haraka mno, nikaiondoa.

Auleria nimemwambia Elick kaniazima tela niijaribu. Akauliza Bihogo anakula? Nikasema anakula hata akiwa amelala.

Jumapili, 20 Julai

Kazi zinakuja, lakini sina raha. Nazunguka soko zima ili nisirudi nyuma. Nikikwama nachomoa pini ya tela, naigeuza kwa mikono, na watu wakitazama nasema nakagua ekseli. Jana Alfonce kaniuliza hiyo ekseli ina ugonjwa gani.

Tena kila asubuhi Auleria ananipa majani ya viazi nimpelekee Bihogo Kibimba. Nitayapeleka wapi? Nawamwagia mbuzi wa Alfonce. Wamenenepa. Sasa wakisikia guta yangu wanakuja mbio wakilia. Leo wamenifuata mpaka mlangoni kwangu, wote saba. Auleria akatoka jikoni. Akawatazama mbuzi. Akanitazama mimi. Akarudi jikoni.

Jioni simu ikalia. Mzee Pancras. Atakuja Jumapili ijayo kumwona Bihogo kabla hajazaa. Nilimjibu karibu sana baba, kisha nikakaa chini palepale nilipokuwa nimesimama.

Jumatano, 23 Julai

Mpango! Nimempigia mzee nikiwa nimebana pua. Nikajitambulisha kama bwana mifugo. Nikasema Nyakisasa kumeingia homa mbaya ya ng'ombe, wageni hawaruhusiwi, hasa wazee, hasa kutoka Bugarama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akanishukuru kwa taarifa. Akaniambia nimsalimie Auleria.

Nilipokata ndipo nikakumbuka. Nimepiga kwa simu yangu mwenyewe.

Auleria hataki kukaa karibu nami, anasema natetemesha benchi.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda kwa Elick nimrudishie tela yake, anirudishie ng'ombe wangu. Wetu. Wake. Nilimsihi. Mbele ya mama wa chapati nilimsihi! Elick akasema nimechelewa. Bihogo alikwisha kumpeleka mnadani wiki iliyopita, na kanunuliwa na mzee mmoja mrefu mwenye fimbo, ambaye hakubishana bei kabisa. Eti mzee alimwita ng'ombe kwa mbali na ng'ombe akageuka.

Nikamlaani mzee huyo njia nzima. Wazee wengine wana bahati na mifugo.

Nikalia kidogo porini, ambako hakuna anayenijua. Si kwa ajili ya tela. Nilikuwa nafikiria nyumba bila Auleria. Nani ataniuliza tumbo linaendeleaje?

Nafika nyumbani, mzee Pancras kapiga tena. Hatakuja! Anataka niende mimi Bugarama keshokutwa na tela yangu nzuri anayoisikia, kuna mzigo wa kuleta Nyakisasa. Nimeokoka! Auleria anasema atatangulia kesho na Nice, kuwasaidia mapishi. Mapishi ya nini, sikuuliza. Nina furaha.

Jumapili, 27 Julai

Niandike kabla sijapoteza ujasiri.

Njia ya kuingia kwa mzee ni nyembamba. Kushoto ua wa minyaa, kulia migomba. Guta ikapita. Tela ikabana. Zile shubiri mbili! Mbele haiendi. Nyuma ni rivasi. Nikaangalia huku na huku, hapakuwa na mtu, nikajaribu. Mgomba mmoja ukalala. Nikageuza usukani upande mwingine. Wa pili ukalala. Nilipoangusha wa tatu, wenye mkungu, wakwe wote walikuwa wametoka nje wananitazama, na katikati yao Alfonce! Kumbe ndiye aliyemleta Auleria.

Nikabaki juu ya guta, nimeinamisha kichwa. Nikasikia pumzi ya moto shingoni. Pumzi ninayoijua. Sikugeuka haraka. Nilipogeuka, Bihogo huyu hapa, na ubavuni kwake ndama jike, bado miguu haijashika sawasawa.

Nilikalishwa kwenye kigoda mbele ya ukoo. Nikasema shikamoo baba. Marahaba ilichelewa sana kuja. Kisha mzee akauliza kwa upole homa ya ng'ombe ya Nyakisasa imepoa? Watu wakatazama chini. Akaeleza kwamba huenda kila mnada, hanunui, hukosoa tu ng'ombe wa watu. Siku ile akaona mgongo mwekundu anaoujua. Akaita jina. Basi.

Auleria alikuwa amesimama nyuma yake na Nice mkononi. Nguo zao zimefungwa kwenye kanga, ziko pembeni ya mlango. Nilipoona kile kifurushi nikasahau kuogopa kila kitu kingine.

Mzee akasema: "Niliahidi mbele ya hawa. Kama ulimuuza, binti yangu analala hapa leo na siku zote. Sema mwenyewe. Ulimuuza?"

Nikasema lile nililokuwa nalo tangu mwanzo. "Sikumuuza, baba. Nilibadilishana."

Mzee akakuna kidevu kwa fimbo. "Ulibadilishana. Basi ng'ombe alikuwa wa Auleria, na kilichopatikana kwa ng'ombe ni cha Auleria. Mimi nilichotoa mnadani utanilipa kwa kubeba kahawa yangu mpaka Krismasi. Lakini kama tela unaiita yako, ulimuuza. Chagua, mkwe wangu."

Nilifikiri kidogo. Auleria anasema nilifikiri kwa muda mrefu, na kwamba shangazi yake alipata nafasi ya kumenya ndizi mbili.

Nikasema tela ni ya Auleria.

Hakutabasamu. Alikuja akainama karibu yangu. "Baba Nice, nilijua tangu siku ya mbuzi. Jioni ile baba akanipigia akaniambia amemnunua. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe." Nikasema nilikuwa naogopa. Akasema hata yeye alikuwa anaogopa, ila yeye alikuwa anaogopa kuondoka.

Kisha Auleria akamwomba Alfonce aje amtolee tela yake. Alfonce, ambaye tela yake mwenyewe aliiacha nyumbani, akaifunga hii nyuma ya guta yake, akairudisha rivasi mara moja, moja kwa moja, huku akiimba wimbo wa sadaka. Hata jani la mnyaa halikuanguka.

Tumerudi hivi: mbele Alfonce, na ndani ya tela Auleria, Nice, Bihogo na ndama, ambaye atakaa kwetu mpaka aache kunyonya ndipo arudi kwa mzee. Nyuma mimi, guta tupu, nakula vumbi lao. Kwenye kila mteremko niliona Alfonce anavyoshuka taratibu. Niliogopa kwa niaba yake, lakini hakuhitaji.

Jumamosi, 2 Agosti

Ubavuni sasa imeandikwa AULERIA. Rangi nyeupe. FABIANI bado inaonekana kwa chini ukiwa karibu sana. Alfonce anaivuta kwa makubaliano na mke wangu, na yule mama aliyeniacha anampa mizigo yote. Mimi nimeanza kahawa ya mzee. Mikungu sina, heshima sina, choo kimerudi.

Nimejifunza. Nimemwambia Auleria hivyo na amenitazama vizuri, karibu kama zamani, akaniongezea maharage. Nimemwahidi kwamba sitambadilisha tena Bihogo kwa kitu chochote. Nimeapa kwa mkono juu ya kichwa cha Nice. Kiapo hiki ni cha kweli.

Mchana Elick kapiga simu. Ana wazo la tela nyembamba, nyembamba kabisa, yenye breki zake. Hata rivasi, anasema, hiyo inajirudi karibu yenyewe. Nikamwambia fedha sina. Akauliza nina nini.

Nimekwenda zizini kufikiri. Bihogo ananitazama. Nimehamia upande wa pili, ananipumulia shingoni. Simgusi. Nilimtaja kwenye kiapo. Lakini ndama sikumtaja. Ndama si wangu, si wa Auleria, ni wa mzee, na mzee hamhitaji mpaka aache kunyonya. Tena sitamuuza. Sitambadilisha pia. Nitamweka rehani tu. Rehani si kubadilishana.

Kesho Auleria atakuwa misani. Sadaka ikianza, nitashika tumbo.