Ripoti Yangu Kuhusu Chai ya Mama Ciku

Jameni, leo nimeaibika mbele ya watu. Na nimekasirika, kwa sababu kazi nilifanya vizuri!

Mimi ni karani kwa hoteli moja ya kando ya barabara hapa Gilgil. Wiki jana bosi akaniita. "Wateja wa asubuhi wanahamia hoteli ya ng'ambo ya barabara. Fanya utafiti, uniandikie ripoti. Nataka ukweli na ushahidi, si porojo."

Ushahidi? Nikautafuta. Siku tano nimezunguka meza kwa meza na daftari, nikiahidi kila mtu kwamba jina lake sitalitaja. Nikatoa kurasa kumi na mbili. Na michoro! (Hata jalada la plastiki niliweka. Mjinga mimi.)

Leo asubuhi, mkutano. Wafanyakazi wote wapo, pamoja na Mama Ciku, mpishi wetu tangu hoteli ifunguliwe. Bosi akasema, "Soma kwa sauti."

Nikasoma, kifua mbele. Nikafika ukurasa wa nne: "Mteja mmoja, jina limehifadhiwa, alisema chai ya hapa ni kama maji ya kusuuza sufuria. Mteja huyo ni mzee wa kofia ya kijani, ana pengo mbele, na huketi dirishani kila asubuhi."

Mama Ciku akaweka mwiko chini. "Huyo ni bwanangu."

Woi! Sasa mimi ningejua aje? Kwani wanavaa sare?

Nikamwangalia bosi anitetee. Bosi, yule wa ukweli na ushahidi, ameinamia simu! Mama Ciku akatoka, akarudi akimvuta mzee kwa mkono. (Alikuwa pale pale dirishani, na kikombe.)

"Baba Ciku, ulisema nini kuhusu chai yangu?"

Mzee akanitazama machoni. "Mimi? Huyu kijana hata simjui. Chai yako ni tamu sana."

Hanijui! Tuliongea nusu saa! Alikuwa akigonga daftari langu kwa kidole, "Andika hiyo, andika!"

Bosi akainua kichwa. "Kijana, usiniletee uongo kwa ripoti. Andika upya."

Nikatoka nje kupunga hewa. Mzee akapita karibu yangu polepole.

"Uliandika ukweli, kijana," akaninong'oneza. "Lakini mimi nitalala wapi?"

Haya. Ripoti mpya nimeshamaliza. Inasema wateja wanahamishwa na upepo wa Gilgil. Na atakayecheka, tusijuane.