Masomo ya Uhamishoni Ni Likizo

Umma wa Bujumbura unatangaziwa, kuanzia Mutanga Nord mpaka Kinanira, kwamba Kamati ya Malezi na Masomo ya Watoto wa Uhamishoni imefanya kazi. Imeshughulikia watoto wote. Jumla yao ni mmoja.

Nayasema haya kwa uhakika, maana ofisi ya Kamati mimi ndiye naifagia.

Mtoto anaitwa Yangchen, Mtibeti wa miaka kumi. Babu zake walikimbia Tibeti. Yeye kazaliwa India, uhamishoni, akasoma huko madarasa manne. Siku hizi baba yake anauza sweta Cibitoke, kwenye joto hili, Mungu amsaidie. Mtoto alitaka darasa la tano, na shule ilikuwa inafungua Jumatatu.

"Bulteni hii ya alama zake imetoka wapi?" akauliza mwenyekiti, Mheshimiwa Melchior.

"Shule ya wakimbizi, Mheshimiwa," akajibu baba.

"Basi apana. Lete cheti cha kijiji mulichokimbia, kipigwe muhuri na wale waliowakimbiza."

"Hao hawatatupa."

"Mumewaomba kwa heshima?"

Yangchen akanisogelea mlangoni, machozi yanamlenga. "Bibi, watanirudisha kwa wale wanaojifunza a, e, i?"

Kamati ikaketi siku tatu, ikala brosheti za mbuzi, ikazaa Kifungu cha Saba: masomo yote yaliyosomwa uhamishoni yatahesabiwa kuwa likizo. Aliyekuwa likizo ataanza darasa la kwanza. Msamaha utatolewa, mtu mmoja mmoja, kwa sahihi ya mtumishi wa Kamati aliyesoma hapa hapa nchini. Muhuri ukapigwa, nakala zikaenda kila idara.

Bahati mbaya, idara moja ikasoma. Ni ile ya watumishi. Ikafungua faili ya Mheshimiwa: shule ya msingi, kambini Tanzania; sekondari, kambini Tanzania. Kumbe miaka kumi na mitatu mtu alikuwa anapumzika! Ijumaa wakamwandikia: Jumatatu aripoti darasa la kwanza, na kaptula ya kaki.

"Claude, nisainie msamaha," Mheshimiwa akawaambia wajumbe wenzake, jasho linamtoka.

"Mi nilisoma Uvira, kule Kongo, Mheshimiwa."

"Valéry, we je?"

"Mi na we tulikaa dawati moja kule kambini. Umesahau?"

Wakageuka wote, wakanitazama. Mimi madarasa yangu sita niliyasomea Buyenzi, mjini hapa hapa, bila kuvuka hata mto Rusizi.

"Bibi Khadidja, mama yetu," akasema Mheshimiwa, akinivutia kiti chake mwenyewe. "Keti hapa. Saini kidogo tu."

Nikaketi. Nikaanza na ya Yangchen: darasa la tano, Jumatatu. Mtoto, aliyekuwa anangoja mlangoni, akainyakua karatasi, mbio mpaka kwa baba yake, hata kwaheri hakusema.

Ya Mheshimiwa ni jambo nyeti, linahitaji utafiti. Kwa sasa nimeikalia. Kiti cha uongozi ni kigumu kweli, mtu lazima atie kitu chini.